Msimu wa Ghala Usiwapite Vijana Wetu

Katibu Mkuu,
Wizara ya Kilimo,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Nakala: Taasisi zote za vijana na kilimo zinazopokea wanafunzi wakati wa likizo ndefu

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA KIANGAZI

Ndugu Katibu Mkuu,

Mimi ni mkulima wa mahindi, ufuta na mbaazi wilayani Kilosa, na ni mjumbe wa kamati ya kikundi cha wakulima ambacho kimekuwa kikipokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wale tunaowaita watoto wa fildi. Wanaletwa kwetu na taasisi mbalimbali za vijana na kilimo. Ninaandika hadharani kwa kuwa jambo ninalolileta haliwezi kumalizwa na taasisi moja wala kijiji kimoja. Linahitaji Wizara iseme neno.

Vyuo vinapokaribia kufunga mwaka wa masomo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa vyuo vingine vya kilimo huanza kuzunguka na barua za kuomba nafasi. Wengi wanazipenda taasisi za vijana: zinazoendesha klabu za 4H shuleni, vyama vya wahitimu wajasiriamali, vituo atamizi. Barua zao zinafanana. Mwanafunzi anaomba kujifunza kilimo biashara na uongozi, na taasisi inamjibu kwamba imempokea kwa wiki 8. Hadi hapo kila mtu ana nia njema. Nimewaona maofisa wa taasisi hizi wakihudumia kata tatu kwa pikipiki moja, na ninawaheshimu.

Tatizo ni kalenda. Huku kwetu mahindi ya masika yanapandwa Machi. Ikifika Julai yamekauka shambani au yameshavunwa. Dodoma, Singida na Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja, palizi ilishasahaulika miezi mingi iliyopita. Kijana anashuka kwenye basi wakati hakuna kinachopandwa wala kupaliliwa. Taasisi iliyompokea haina shamba la umwagiliaji, basi inamtafutia shughuli: ajaze fomu za wanachama kwenye kompyuta, apige picha za mikutano, apange viti vya semina katika ukumbi wa halmashauri. Mwisho wa Julai ukikaribia, wote wanahamia kwenye maonesho ya Nane Nane.

Sina neno baya juu ya Nane Nane. Mbegu ya ufuta ninayoipanda leo niliiona mara ya kwanza kwenye kipando katika uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere pale Morogoro, na mtaalamu alisimama nami muda mrefu akinieleza nafasi kati ya mstari na mstari. Lakini vipando vile vinaoteshwa mapema na kumwagiliwa kwa mpira ili Agosti mosi viwe vya kijani, wakati mashamba ya wananchi kando ya barabara yamebaki mabua. Kijana anayekabidhiwa kipando wiki ya mwisho hajui kilianzaje. Anavaa fulana ya taasisi, anagawa vipeperushi, anarudia maelezo aliyokariri, na mgeni rasmi akishapita tarehe 8 anashiriki kubomoa banda. Ukijumlisha maandalizi, wiki mbili au tatu kati ya zile 8 zimeondoka. Kinachobaki ni ripoti, muhuri wa taasisi na saini ya msimamizi wa chuo.

Na siku hizohizo anazogawa vipeperushi, kilimo chenyewe kiko kwenye kipindi kigumu kuliko vyote. Ufuta ukichelewa kuukata, vitumba vinapasuka na mbegu zinamwagika chini. Ukiwahi mno, mbegu hazijajaa na uzito unapungua. Lazima mtu apite shambani asubuhi, atazame majani yalivyopukutika na vitumba vya chini vilivyobadilika rangi, kisha aamue siku. Ukishakatwa unafungwa mafungu, unasimamishwa ukauke, unakung'utwa juu ya turubai, unapepetwa. Kila hatua ina namna yake ya kukupotezea kilo. Kule Lindi na Mtwara ufuta unaingia maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na kuuzwa kwa mnada kwa stakabadhi ghalani, huku kwenye mikorosho watu wakipuliza salfa kuzuia ubwiri unga, kazi isiyongoja mtu. Mbinga wanachuma kahawa. Simiyu na Shinyanga pamba iko kwenye mizani. Songea na Sumbawanga mahindi yanasubiri vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vifunguliwe. Hiki ndicho kipindi ambacho jasho la miezi sita linageuka kuwa hela au hasara, na sisi tumewaweka wasomi wetu wa kilimo kwenye mabanda.

Katika kikundi chetu tulikubaliana na taasisi mojawapo kujaribu njia nyingine. Tuliomba wanafunzi wao wasikae ofisini. Walale kijijini, na kazi yao iwe ghala.

Kazi ya kwanza tunayowapa ni kupima unyevu wa mahindi. Kipimo cha umeme hatuna. Tunachukua chupa ya kioo iliyokauka, tunatia mahindi kiasi cha theluthi, tunaongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tunafunga, tunatikisa kama dakika moja, tunaiweka chini itulie. Chumvi ikibaki imegandia ubavuni mwa chupa, mahindi hayo bado yana maji na yanarudi kwenye turubai. Ikianguka yote chini, yanaingia kwenye mifuko ya kinga njaa. Ni jambo dogo, lakini linafanyika mbele ya mwenye mali. Kijana anatikisa chupa mbele ya mzee aliyesafiri na mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri, na akikuta chumvi imeganda inabidi amwambie kwamba mzigo wake haupokelewi leo.

Hapo nimeona tofauti kubwa kati ya kijana na kijana. Mmoja alinyamaza akanitazama ili niseme mimi. Mwenzake, binti wa Temeke ambaye hakuwahi kulala kijijini kabla ya fildi ile, alimwamkia mzee shikamoo, akamvutia kigoda, akamkabidhi chupa aitikise kwa mkono wake. Mzee akatikisa, akaitazama, akaguna, akatikisa tena. Kisha akageuza ng'ombe kuelekea uwanjani kwetu na kuanza kuanika. Hakukuwa na ugomvi, na yule mzee ndiye aliyekuja kuwafundisha majirani zake kupima kabla ya kupakia.

Wizara inajua kwa nini chupa ile ina maana. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile ikishaingia kwenye punje, kupika hakuitoi. Inazuiwa kwenye kuvuna, kukausha na kuhifadhi, yaani katika miezi ileile ya likizo ndefu. Kijana aliyefundishwa darasani kuhusu kuvu hii, akapewa msimu mmoja wa kuikabili uwanjani pamoja na kina mama wanaoanika, atakuwa afisa ugani wa aina nyingine kabisa.

Kazi ya pili ni mizani. Mnunuzi mmoja alikuja na mizani yake, kama walivyo wengi. Wanafunzi wawili walikaa mlangoni na daftari, wakaandika uzito wa kila gunia kwa mizani ya kikundi kabla halijatoka, na tena lilipopandishwa kwenye mizani ya mnunuzi. Tofauti ilikuwa kilo 3 kwa gunia, mahali pengine 4. Jioni walizisoma namba hizo mbele ya mkutano wa wanachama, gunia kwa gunia, bila kumwita mtu mwizi. Wanachama wakapiga hesabu wenyewe na mkutano ukanyamaza. Kesho yake mnunuzi alielezwa kwamba tutapima kwa mizani yetu iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na alikubali. Tulikuwa tumepiga kelele kuhusu lumbesa na vipimo kwa muda mrefu bila karatasi. Walichotupa wale vijana ni karatasi.

Ndiyo maana siridhiki nikisikia uongozi wa vijana katika kilimo ukifundishwa kwa semina za siku tatu, chati ukutani na cheti mwishoni. Kiongozi wa wakulima ni yule anayeweza kusoma hesabu za chama mbele ya wenye chama na akajibu maswali yao. Ni yule anayejua kumkatalia mkubwa wake kwa heshima, na anayerudi kesho yake hata kama jana alizomewa. Mambo hayo yana msimu wake, kama mahindi, na msimu huo ni kiangazi, wakati mali ipo na fedha inataka kugawanywa.

Waliotangulia katika kazi hii waliliona hilo. Klabu ambazo baadaye zilizaa 4H zilianza Ohio, Marekani, mwaka 1902, pale A. B. Graham, msimamizi wa shule, alipowakusanya watoto wa wakulima na kuwapa kazi ya kulima mahindi na mboga katika vipande vyao wenyewe. FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo wa sekondari kilichoundwa Kansas City mwaka 1928, kinamtaka mwanafunzi awe na shughuli yake ya kilimo na kumbukumbu zake, mwalimu akimsimamia. Jirani zetu Kenya waliichukua 4H wakaigeuza kuwa 4K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kote huko mtoto anapewa kitu chake, akiharibu kimeharibika, akifanikiwa ni chake. Mwanafunzi wetu wa chuo kikuu, mtu mzima, anapewa kipande gani kinachoweza kuitwa chake katika zile wiki 8?

Sisi wenyewe tuna historia ya jambo hili, na ina somo chungu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki kupanga, kulima na kuamua matumizi ya mapato. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe kama adhabu: aliyechelewa namba akalime. Wapo wazazi wa leo wasiotaka hata kusikia mtoto wao akisomea kilimo kwa sababu ya bustani ile ya adhabu. Kupanga na kuamua viliondolewa, ikabaki kazi ya mikono. Kwenye fildi za kiangazi naona hali inayofanana na hiyo: kijana anapewa shughuli, uamuzi hapewi.

Nije kwenye fedha, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanakwama. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) anaweza kupata fedha za mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo anategemea nyumbani. Taasisi nyingi hazilipi hata nauli. Matokeo yake, nafasi nzuri zinachukuliwa na wenye shangazi au mjomba mjini pa kufikia, na mtoto wa mkulima, ambaye baba yake ndiye mwenye gunia ghalani, anarudi kwao kuomba ofisi yoyote iliyo karibu ili apate muhuri. Kikundi chetu hutoa chakula na chumba. Nauli hatuwezi. Bajeti ya Wizara imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sisi wakulima tumelifurahia ongezeko hilo. Ninaomba sehemu ndogo tu ya fedha hizo iende kwenye nauli, chakula, mabuti na glavu za vijana hawa. Glavu nimezitaja makusudi, kwa sababu nimeona mwanafunzi akipewa bomba la dawa mgongoni bila kitu mkononi wala usoni.

Na mabinti. Taasisi isimpeleke binti kijijini kwa barua tu. Mtendaji wa kijiji ajulishwe kwa jina lake, familia ya kumpokea iwe imetembelewa na ofisa wa taasisi, na awepo mwanamke mmoja mwenye simu ambaye binti anaweza kumpigia saa yoyote. Kwetu tunawaweka wawili wawili, kwa mama mjane anayeheshimika kijijini. Hatujasikia malalamiko, lakini huo ni utaratibu wetu wenyewe. Kijiji kingine hakina, na hakuna aliyewaagiza wawe nao.

Liko jambo ambalo hata ghala haliwezi kulitatua. Mwanafunzi aliyeona mahindi yakipimwa Agosti hakuyaona yakipandwa. Hajui kwamba gunia lile lilikataliwa kwa sababu mwenyewe alichelewa kupanda, kwa kuwa trekta la kukodi lilikuja baada ya mvua kutulia. Ninapendekeza kila anayefanya fildi ya kiangazi arudi kwa kaya ileile, kwa wiki moja au mbili, katika likizo fupi ya kati ya muhula wa kwanza na wa pili, ambayo kwa kawaida huangukia karibu na mwanzo wa masika. Arudi na daftari lake. Mkulima aliyekosa bei kwa unyevu amwone kijana yuleyule akiuliza: mwaka huu tunapanda lini? Wale wawili wa mizani walirudi kwa nauli yao. Mmoja alikaa siku chache tu, lakini ndiye aliyewashawishi wanachama kupanda ufuta kwa mistari, kwa sababu tayari walikuwa wanamwamini.

Utaratibu huu una faida hata kwa mipango mikubwa ya Wizara. Mwaka 2023 vijana 812 walichaguliwa kuingia vituo atamizi vya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, na mashamba ya pamoja yakazinduliwa Chinangali, wilayani Chamwino. Ni hatua kubwa, na ninaiunga mkono. Lakini kijana anayepewa shamba, maji na mkopo kwa pamoja anakutana na mnunuzi kwa mara ya kwanza akiwa tayari anadaiwa. Ni heri akutane naye akiwa mwanafunzi, ameshika daftari la watu wengine, ajue bei inavyoshuka wiki ambayo kila mtu anavuna, ajue maana ya kusubiri na gharama ya kusubiri. Anayetoka huko akaomba nafasi Chinangali ataomba akiwa na macho yaliyofunguka, na wako watakaotambua kwamba kulima si kazi yao, wakaenda kwenye usindikaji au usafirishaji kabla ya kupoteza mtaji wa Serikali.

Basi ombi langu ni hili, Ndugu Katibu Mkuu. Wizara ikae na vyuo na taasisi za vijana, itoe mwongozo mfupi kwa ajili ya mafunzo ya kiangazi. Kila mwanafunzi aambatanishwe na kikundi au AMCOS yenye mali ghalani, wala asibaki ofisini kwa taasisi. Nane Nane ichukue wiki moja tu ya muda wake, aende akiwa na kitu cha kuonesha kutoka kijijini alikotoka. Apewe jukumu moja lenye namba, liwe unyevu, mizani, madeni ya pembejeo au hesabu za mauzo, na mwishoni asome daftari lake mbele ya wanachama kabla ya kuandika ripoti ya chuo. Wanachama waulizwe wamemwonaje, na jibu lao liingie kwenye alama zake. Nauli na chakula visiachwe kwa mzazi. Taasisi itakayoshindwa haya ipokee wanafunzi wachache kuliko inaowapokea sasa.

Najua wapo watakaosema vijijini hakuna wa kuwasimamia wanafunzi. Maofisa ugani wapo, ingawa ni wachache. Wapo pia makatibu wa AMCOS, wapima mizani wa miaka mingi, na akina mama ambao hawajawahi kupoteza gunia hata moja kwa wadudu. Hawa ni walimu. Wanachohitaji ni kutambuliwa kwa barua ya Wizara, ili chuo kikiona saini zao kiziheshimu.

Kwa taasisi za vijana zitakazosoma nakala hii, msisubiri mwongozo. Njooni mzungumze na vikundi sasa, wakati bado hamjajibu barua za wanafunzi. Kwa mwanafunzi anayetafuta nafasi: uliza kwanza, kabla ya kuuliza posho, kama mahali unapokwenda kuna mali inayoingia ghalani na kama utaruhusiwa kuigusa.

Ndugu Katibu Mkuu, barua za kuomba nafasi zinaandikwa tangu Aprili, na Julai mahindi yanaanza kuingia ghalani. Mwongozo ukitoka kabla ya masika kuisha, utawahi msimu huu. Ninaomba usitupite.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima,
Kilosa, Morogoro.